Kisigino cha Rehani

Morogoro, 9 Julai 1911

Bwana Mshauri mpendwa,

Kabla sijaomba msaada, nakiri jambo ambalo sijamwambia mama, wala dada yangu, wala mwalimu: gazeti lako la mwezi wa sita, lile lililosomwa kwenye kahawa ya Mzee Salehe hapa mjini, halikuwa na neno hata moja juu ya mieleka. Maneno yale niliyaandika mimi, nikayabana katikati ya kurasa zako, nikayasoma kana kwamba ni yako, na kwa sababu hiyo mjomba wangu Rehani leo hawezi kukunja goti.

Nina miaka kumi na sita, ni mwanafunzi wa shule ya serikali, na nina kigugumizi. Nikisema maneno yangu mwenyewe ulimi unakwama hata watu wananimalizia sentensi, lakini nikisoma maneno ya mtu mwingine sauti inatoka safi kama maji, sijui kwa nini, na ndiyo maana Mzee Salehe alinichagua niwasomee wanywaji wa kahawa kila gazeti linapofika na treni, kwani wengi wao hawajui kusoma na wanapenda kusikia habari za bei ya mpira unaogemwa mashambani, na za Ulaya, na ushauri wako pia, ambao wakati mwingine unawachekesha na wakati mwingine unawanyamazisha.

Lakini wakimaliza habari zako wanarudi kwenye mieleka, na mimi mieleka naijua kuliko hesabu. Tangu nina miaka kumi na miwili naandika katika daftari kila bingwa anavyoshika na anavyoangusha. Nimemwandika Alois wa misheni, anayemshika mtu kiunoni na kumnyanyua kama gunia la mahindi lakini pumzi yake ni fupi. Nimemwandika Stambuli, mbeba vyuma wa reli, ambaye kabari yake inapita chini ya taya, mtu anaanza kufikiria pumzi na kuisahau miguu, hapo Stambuli anampiga mtama na yuko chini. Na nimemwandika mjomba wangu Rehani wa mlimani, juu ya Kilakala, ambaye hana haraka hata kidogo, anamwacha mwenzake asukume mpaka achoke, kisha anageuka, anambeba mgongoni na kumtua mchangani, na watu huiita namna yake hiyo "kushusha mzigo", kwa vile anavyowatua watu ndivyo anavyotua mikungu ya ndizi sokoni.

Siku ile walikuwa wanabishana kama kawaida yao.

"Rehani ni mlima, nani atausukuma?"

"Mlima huo ngoja ukabwe shingo, utauona unavyotoa ulimi!"

"Wewe hujawahi kuangusha hata mbuzi, nyamaza unywe kahawa."

Nami nilikuwa nimekaa na gazeti mapajani, nina jibu la ubishi wote ule, na najua nikifungua mdomo nitakwama kwenye neno la kwanza na watanimalizia vibaya. Basi nikafanya nililokuwa nimeliandaa tangu usiku uliotangulia, nikafungua kurasa zako, ndani yake mna karatasi yangu, nikasema, "Kuna habari ya mieleka." Wote wakanigeukia. Nikasoma ulinganisho wangu, nani ana mikono, nani ana subira, nani ana pumzi, na mwisho, ili ionekane ni haki kama magazeti yanavyofanya, nikampa kila mmoja kasoro yake. Ya Stambuli, kwamba akikaza kabari hufumba macho. Ya Rehani, kwamba kabla ya kumbeba mtu huinua kisigino cha kushoto kwa muda wa pumzi moja, na kwa pumzi hiyo mwili wake wote uko juu ya goti la kulia. Hilo nililiona mlimani, katika likizo, alipokuwa akifanya mazoezi na Salum, mchumba wa dada yangu Mwajuma.

Bwana Mshauri, walishangilia. Mzee Salehe alinijazia kikombe cha pili. Mtu aliyekaa nyuma, ambaye sikumtazama vizuri, akasema, "Kijana, rudia pale pa kisigino." Nikainua macho, nikaona ni Stambuli mwenyewe. Nilijua. Siwezi kukuambia kwamba sikujua. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuniambia rudia, siku zote wananiambia basi, na furaha ile ilinizidi, nikarudia.

"Cha kushoto au cha kulia?" akauliza.

"Ga-gazeti linasema cha kushoto, bwana."

Walikutana Ijumaa ya pili baada ya hapo, alasiri, kwenye mchanga wa mto. Mjomba akasukumwa, akasukumwa, kama kawaida yake, kisha nikakiona kisigino kinainuka, na Stambuli hakumkaba kabisa, alikuwa anakingoja kisigino tu, akapiga mtama kwenye mguu wa kulia wakati uzito wote umo humo, na goti likatoa sauti ambayo mpaka leo naisikia ubaoni mwalimu anapoandika. Walimpandisha mlimani kwa machela. Fundi wa mifupa amelifunga goti, amelifungua, linabaki limenyooka kama mpini. Mashamba ya mjomba yako kwenye mteremko ambao hata mzima anaupanda kwa mikono.

Sasa mjomba anasema siri ile angeweza kuijua Salum peke yake, maana ndiye anayefanya naye mazoezi, na watu walipomwambia kwamba iliandikwa gazetini akasema ndiyo, Salum ndiye aliyewapelekea watu wa gazeti. Kwetu Waluguru mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, na ameirudisha posa ya Salum. Salum ameapa, haaminiwi. Ameandikisha jina kwenye kazi ya reli, huko mbele ya Dodoma, na anaondoka mwisho wa mwezi huu. Mwajuma hali vizuri, anasonga ugali anatuandalia sisi na yeye anakwenda kukaa nje.

Mjomba ndiye aliyeniombea nafasi ya shule. Nikisema, nadhani atanitoa. Je, nimwandikie barua isiyo na jina? Au gazeti lako lingeweza kuchapa kwamba habari ile mliipata kwa mpita njia kutoka Bagamoyo, ili Salum asafike na mimi nisijulikane? Nakuomba sana.

Ni mimi,
Kibwana, msomaji wako kwa sauti

*

Kibwana,

Nimekujibu kwa posta kwanza, kwa sababu treni ya Salum haingoji mtambo wetu wa kuchapa. Barua yako haitatoka gazetini mpaka wewe mwenyewe uwe umesema kwa watu wanaohusika.

Nianze na hilo la mpita njia wa Bagamoyo. Hapana. Umekwisha kutuwekea mdomoni maneno ambayo hatukuyasema, na sasa unatuomba tuseme uongo wa pili ili kuufunika wa kwanza. Watu wa kahawani kwenu wanaliamini gazeti kwa sababu wanaamini anayewasomea, na wewe ndiye uliyekuwa macho yao. Hilo ni kosa lako la kwanza, nalo umetukosea sisi pia, nasi tumekasirika.

Pole kwa kigugumizi. Nasema pole kwa dhati, maana najua ni uchungu gani kuwa na jibu na kukosa ulimi. Lakini usijifiche nyuma yake. Stambuli alipokuuliza kushoto au kulia hukukwama kwa kiasi cha kushindwa kumjibu. Ungeweza kukunja karatasi. Uliandika kwamba ulijua, na nakuheshimu kwa kuliandika, ila sasa ulibebe.

Stambuli mwache. Alisikia jambo hadharani, akalitumia uwanjani. Usitafute wa kugawana naye lawama.

Barua isiyo na jina usiiandike. Mjomba wako atampa nani amsomee? Wewe! Utakaa mbele yake umsomee barua yako mwenyewe kwa sauti yako nzuri, na utakuwa umerudia yale yale.

Fanya hivi. Siku utakayopata jibu hili, au kesho yake, panda mlimani. Nenda na mama yako na Mwajuma, na Salum aitwe. Usiende na karatasi ya kusoma. Sema kwa ulimi wako huo huo unaokwama, hata ikichukua alasiri nzima, na umwombe dada yako asikumalizie sentensi. Daftari lipeleke, liwe ushahidi kwamba Salum hakusema kitu. Akikutoa shule, toka; mwenye posa iliyorudishwa amepoteza zaidi yako. Kisha urudi kahawani uwaambie waliokusikia kwamba gazeti halikuandika.

Na goti lile halitapona kwa maneno. Una mabega. Mashamba ya mjomba yana ndizi, na soko liko chini. Hutahitaji mshauri kukuambia la kufanya kila mwisho wa juma.

Neno moja la mwisho, kwa sababu nami nimewahi kukaa kwenye mchanga nikatazama mieleka. Ulinganisho wako ni mzuri. Ni mzuri kuliko mengi tunayoletewa. Ungetutumia na jina lako chini, tungeuchapa, na pale pa kisigino tungepafuta.

Mshauri

*

Morogoro, 6 Agosti 1911

Bwana Mshauri,

Jibu lako lilifika Jumatano. Alhamisi baada ya shule tulipanda, mama, Mwajuma na mimi. Salum alifika nyuma yetu, akasimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona mmekuja jeshi zima?"

Nilisema. Ilichukua muda mrefu sana. Nilikwama kwenye neno "gazeti" mpaka mama akafumba macho, lakini Mwajuma nilikuwa nimemwambia njiani asinimalizie, akakaza midomo, hakunimalizia. Nilipofika kwenye Stambuli kuniambia nirudie, mjomba aliinua mkono.

"Ukarudia?"

"Ni-nikarudia."

Nilidhani atanipiga. Akamgeukia Salum pale mlangoni. "Na wewe miaka yote hii unanishika kiunoni, kisigino hiki ulikuwa unakijua?"

"Mzee, niliapa mara tatu," Salum akasema. "Sikukijua. Na nikuambie ukweli, ningekijua, ningekuangusha angalau siku moja."

Mama alitaka kucheka, akajizuia. Mjomba hakucheka. Alikaa akilitazama goti lake, kisha akanitazama mimi, akasema, "Hata mimi sikukijua. Nilimtukana huyu kwa siri ambayo hata mwenyewe sikuwa nayo." Halafu akasema taratibu, "Wewe ulikiona peke yako, Kibwana. Ukaja hapa ukala kwangu, ukalala kwangu, ukashuka mjini ukamwambia kila mtu. Kwa nini hukuniambia mimi? Ningekirekebisha kwa siku mbili."

Safari hii haukuwa ulimi ulionizuia, Bwana Mshauri. Siku zote nilikuwa nimefikiri mtu kama yeye hawezi kuhitaji kuambiwa kitu na mtu kama mimi.

Hakunitoa shule. Alimwomba Salum radhi mbele yetu, na akasema posa iletwe tena. Salum akashukuru, akasema jina limeshaandikwa, lazima aende, na kwamba akirudi mvua za mwakani atamwuliza Mwajuma kwanza kabla hajamwuliza mtu mwingine. Aliondoka na treni ya tarehe ishirini na tisa. Mwajuma alikwenda stesheni, mimi akanikataza. Ananipa chakula lakini hazungumzi nami.

Kahawani niliwaambia Jumamosi. Wengine walicheka, mmoja akasema alijua tangu mwanzo, maana gazeti haliwezi kumjua Rehani vizuri hivyo. Mzee Salehe hakucheka. Alilichukua gazeti mikononi mwangu, akalikunja, akaliweka chini ya birika. Sasa anasoma karani mmoja wa posta, anasoma haraka na kuruka maneno magumu.

Jumamosi na Jumapili nashusha ndizi za mjomba. Mara ya kwanza nilibeba mkungu mmoja, nikaanguka mara mbili. Sasa nabeba miwili. Jioni mjomba ananiambia nilete daftari, nimsomee. Jana nilimsomea kurasa zote za Stambuli, pamoja na ile ya kufumba macho. Alisikiliza mpaka mwisho, mguu umenyooka mbele yake, kisha akaniambia nimekosea mahali pawili, akanionyesha kwa mikono. Nikafuta, nikaandika upya.

Kibwana