Maandazi ya Bibiane wa Guildford

Auburn, Sydney
12 Aprili 2021

Baba mpendwa,

Hamjambo huko Nkubu? Goti la Mama linasemaje na mvua hizi? Mimi ni mzima, tumbo limejaa, na nakuandikia kwa sababu ya tumbo hilo hilo.

Unajua likizo hii niliiomba nije nyumbani. Mipaka bado imefungwa. Nikitoka Australia leo, hakuna anayejua lini nitaruhusiwa kurudi, na wazee ninaowatunza hapa hawana mtu mwingine wa kuwavisha soksi. Basi sitalia. Wiki hizi mbili nitaula mji huu, duka la mkate baada ya duka la mkate, mkahawa baada ya mkahawa, na kila ninapokula nitakuletea hukumu. Umepika hotelini Nanyuki miaka thelathini na nne, kwa hiyo usiseme sikukutafutia kazi ya uzeeni.

Nimeanza jirani. Hapa Auburn kuna duka la mkate la Waturuki, si mbali na msikiti. Unaelekeza simu kwenye kibandiko cha serikali mlangoni, ili wajue ulikuwepo kirusi kikizuka, halafu unapanga foleni na kina mama. Nilinunua mkate mrefu wa ufuta, nikasimama nje, nikaumega na kuula mkavu, bila siagi, bila chai, kama ulivyotufundisha. Baba, gamba linalia! Ndani kuna matundu makubwa yasiyo na mpangilio, maana yake unga ulipewa muda wa kuumuka. Tisa kwa kumi. Moja nimewanyima kwa sababu muuzaji alinigombeza nilipobonyeza mikate mitatu kabla ya kuchagua.

Jana nilichukua treni hadi Cabramatta kwa Wavietnam. Wana mkate mfupi wa gamba jembamba, wanaujaza nyama ya nguruwe, karoti za siki, dania na pilipili ya kukutoa jasho. Nilitoa vyote vya ndani nikavilaza kwenye karatasi, nikaonja mkate peke yake pale kwenye benchi. Mzee mmoja alinitazama kama mtu aliyevua viatu mezani. Mkate peke yake, sita. Ukiurudisha pamoja na vitu vyake ni kumi kabisa, lakini nimeandika sita, kanuni ni kanuni.

Msalimie Mama.

Binti yako,
Gakii

Nkubu, Meru
19 Aprili 2021

Mwanangu Gakii,

Barua yako imetukuta salama kwenye simu. Goti la mama yako limetulia, ila mdomo wake haujatulia: anauliza kama katika wiki hizo mbili kuna siku utakula mboga.

Huku watalii hakuna, na jiko la hoteli yetu wamelifunga kwa kufuli. Wewe ndiye unayenipa cha kufikiria siku hizi, kwa hiyo fanya kazi vizuri. Hujaniambia chini ya ule mkate wa Waturuki kulikuwaje. Juu kila mtu hupendezesha. Mkate hugeuzwa! Tena usiwe unagawa tisa kama peremende. Kaza ulimi, mwanangu, mpishi hafaidiki na mgeni mpole.

Baba yako,
Mugambi

Auburn
24 Aprili 2021

Baba mpendwa,

Nawasalimu nyote. Nimekula mboga Jumatano, mwambie Mama aandike tarehe.

Umesema nikaze ulimi, nimeukaza. Mjini kati kuna mahali pa vitafunio vya Kifaransa ambapo kikombe cha kahawa kinakuja na maelezo marefu kuliko mahubiri. Kroasanti yao nimeigeuza: chini ni kahawia sawasawa, siagi ni ya kweli. Nane. Kwa Waafghani, mkate wao mpana wa tanuri nimeupa tisa, na safari hii si peremende.

Sasa Guildford. Hapo ndipo nilipochoka. Kuna dada Mkongo anaitwa Bibiane, amefungua duka la mkate mwezi wa pili karibu na reli. Manesi Wakenya wote wananiambia kama sijafika kwa Bibiane sijala. Kila Jumapili wakitoka kanisani wanapita kwake kuchukua maandazi. Nikaenda. Andazi lenyewe ni la mviringo kama mpira wa tenisi, halina iliki, halina tui, na sukari imepitishwa mbali. Aliniletea na bakuli ya karanga za kusaga zenye pilipili. Nikamwambia hapana, asante, mimi huonja mkavu. Akanitazama kidogo, akairudisha jikoni.

Nilikula mawili, la tatu nikaligeuza, nikaliacha. Mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za tabasamu lake. Haya si maandazi, haya ni ya kuzuia mlango usifungwe na upepo. Wenzangu wanamsifia kwa huruma tu kwa sababu alitoka kambini. Ulimi wangu mimi haujui habari za ukimbizi.

Binti yako,
Gakii

Nkubu
2 Mei 2021

Mwanangu,

Sote wazima. Nimecheka hadi mama yako akatoka jikoni kuona nimepatwa na nini. Eti ya kuzuia mlango! Katika miaka yangu yote ya kazi sikupata msaidizi mwenye ulimi kama huo.

Nimejivuna, sitakuficha. Barua yako nimeituma kwenye kundi la simu la wanafunzi wangu wa zamani wa jikoni, waone mtoto wa Mugambi anavyoonja. Wa kwanza kujibu alikuwa Wainaina, yule mrefu aliyekuwa akiunguza mchuzi. Kumbe siku hizi anapika huko huko kwenu, Parramatta. Mmewahi kuonana?

Baba yako,
Mugambi

Auburn
11 Julai 2021

Baba,

Natumai nyinyi ni wazima. Mimi mwili ni mzima, mengine yote hapana.

Tuko kwenye lockdown tangu mwisho wa Juni. Ruhusa ni kwenda kazini, dukani na kurudi. Kazini nafanya zamu moja na Lydie, Mkongo wa Uvira. Wiki iliyopita tukinywa chai, kila mtu na meza yake, aliniona nikiugeuza mkate wangu kutazama chini, akaniuliza, "Dada, ni weye uliandika ile kitu ya Bibiane?"

Wainaina aliipeleka aya ya mwisho ya barua yangu, ile ya mbili kwa kumi, kwenye kundi la Wakenya wa Sydney, ikiwa na jina la duka, bila jina langu. Aliandika juu yake: mtaalamu wa hoteli ameonja. Inazunguka tangu Mei. Manesi wakaacha kupita Guildford, maana hakuna anayetaka kuonekana ananunua kwa huruma. Halafu lockdown ikaja, duka sasa linategemea wanaopita kuchukua na kwenda, na hao hawapiti. Mkataba wa chumba cha duka unaisha mwisho wa Novemba. Bibiane amewaambia kanisani kwao kwamba hatausaini tena.

Nilimkubalia Lydie kwamba ni mimi. Unajua aliniuliza nini?

"Ulikula na karanga?"

"Hapana, nilikula mkavu."

"Basi haukukula."

Akanieleza polepole, kama ninavyowaeleza wazee wangu mambo ya dawa. Unga ule hauwekwi sukari wala iliki kwa makusudi. Andazi linamegwa, linachovywa, na ladha yote iko kwenye ile bakuli. Nilikataa nusu ya chakula, kisha nikalalamika kwamba ni nusu.

Niliandika kwenye kundi, kwa jina langu, kwamba nilikosea. Ikawa mbaya zaidi. Wale ambao hawakuwa wameisoma barua wakaiomba, na kufikia jioni ilikuwa imetumwa upya mara tano.

Nimekukasirikia, Baba, nakuambia wazi. Barua ile ilikuwa yako peke yako.

Gakii

Nkubu
19 Julai 2021

Mwanangu,

Una haki ya kukasirika. Nilitaka watu wamwone mtoto wangu, nikasahau kwamba ndani ya barua kulikuwa na mtoto wa mtu mwingine. Nimewaandikia wanafunzi wote waifute. Watatu wamefuta, wengine wamenitumia vicheko.

Kosa langu la pili ni hili. Kuonja mkavu nilifundishwa na mkuu wangu wa jiko kwa ajili ya mkate wa mezani wa wageni, na nikakupa kama amri ya Musa bila kukuambia mwisho wake ni wapi. Mimi mwenyewe githeri ya mama yako, mahindi na maharagwe matupu, siigusi bila parachichi.

Sasa nisikilize. Usiende kumsifia ili moyo wako utulie, hilo litakuwa tusi lingine. Nenda kwa miguu yako, mpe jina lako, kula kama anavyokula yeye, kisha sema kweli. Ukiona kuna kasoro, mwambie yeye, usiniambie mimi kwanza.

Pole, mama. Nimekukosea.

Baba yako,
Mugambi

Auburn
24 Oktoba 2021

Baba mpendwa,

Miezi mitatu sijakuandikia, na najua ulikuwa ukiitazama simu. Mama ameniambia. Hasira imekwisha. Mwasemaje huko? Baridi ya Julai ilipita salama?

Sikwenda mapema kwa sababu hatukuruhusiwa kuketi popote kula, na kwa sababu niliogopa. Ya pili ndiyo kubwa. Sasa wamefungua, sisi wenye chanjo mbili tunaweza kukaa mezani. Jana nilienda Guildford.

Bibiane alinitambua kwa macho yaliyo juu ya barakoa. "Weye ni ule wa mkavu," akasema.

"Ndiyo. Naitwa Gakii. Barua ile niliiandika mimi."

Aliweka chini kitambaa alichokuwa akifutia kaunta. "Ile jina nilisikia, nikafikiri ni ya mwanaume," akasema. "Muzee mwenye roho mubaya."

"Hapana, ni mimi."

"Ile ya mulango, hata nilicheka kidogo. Lakini ulisema watu wananihurumia. Sasa kila mutu akiingia, naangalia macho yake. Ananunua mukate ao ananunua mukimbizi? Sijui tena. Ile ndiyo ulinifanyia."

Baba, nilikuwa nimetunga maneno kwenye treni, yote yakapotea. Nilisema nisamehe, nikasema nimekuja kula. Akaweka maandazi manne na bakuli mezani, akasimama palepale, mikono kifuani.

Nilikula kama Lydie alivyonieleza. Nilikuwa mjinga kupindukia. Pilipili inakuja nyuma, karanga mbele, na lile andazi nililolitukana linashika vyote viwili bila kulowa wala kukatika. Lingekuwa na sukari lingeharibu kila kitu. Nilitamani kusema kumi na kuondoka mbio, lakini nilikumbuka uliyoniandikia. Nikasema nane. Nikamwambia mafuta yamechoka, yanaacha uchungu kidogo mwishoni.

Aliingia jikoni. Nikadhani ndio mwisho wetu. Akarudi akasema, "Mafuta ni ya tangu Alhamisi. Hakuna mutu alikuwa ameniambia." Akavuta kiti, akaketi mbele yangu, akala lile la nne mwenyewe.

Kisha akauliza Jumamosi huwa niko wapi. Nikamwambia sina zamu.

"Basi utakaa kaunta. Wamuone mwenye barua."

Nimekubali. Mkataba unaisha baada ya wiki tano, sijui kama zitatosha. Niombeeni.

Binti yako,
Gakii

Guildford
5 Desemba 2021

Kwa Baba Mugambi,

Salamu mingi kutoka Guildford. Weye haunijue. Miye ni Bibiane, mwenye duka. Gakii amenipa adresi yako, akasema niandike chochote, yeye hatasoma. Afya yako na ya Mama iko namna gani? Shiye hapa tuko muzuri, joto limeanza.

Nakuandikia hukumu, maana naona watu wa nyumba yako wanapenda hukumu. Ni juu ya binti yako kwenye kaunta yangu. Hachelewi. Anaongea kupita kipimo. Mutu akiomba mukate anaugeuza kwanza anaangalia chini, na watu wanangoja na hasira. Akiona kasoro ananiambia kwa sauti, hata kama kuna wateja. Nimemupa saba.

Jumamosi ya kwanza wale Wakenya wa kundi walisikia yuko hapa, wakakuja kuona ule mudomo ulioandika. Walisimama mupaka inje, kila mutu na nafasi yake sababu ya kirusi. Walimuona, wakasikia haya kuondoka mikono mitupu, wakanunua. Jumamosi ya pili wakarudi, na sasa hakuna aliyemuangalia. Nesi mumoja akamuuliza, "Siku hizi unasifia kwa huruma?" Akamujibu, "Muulize Bibiane nilimwambia nini juu ya keki yake ya jana." Duka muzima wakacheka. Miye pia nilicheka, na ile keki ilikuwa kweli mubaya.

Nimesaini chumba. Miaka miwili. Mutu akiingia sasa, naangalia anachotaka, siangalii macho yake tena.

Nilimukasirikia binti yako sana, Baba, nililia siku mingi, hata weye nilikukasirikia. Imeisha. Nakuandikia pia sababu ya kitu ingine. Baba yangu alikuwa anachoma mukate kule Uvira, ni yeye alinifundisha. Hakufika huku. Miaka saba niko Australia, na kila siku tanuri likinisumbua, hakuna mutu wa kuuliza. Gakii anajua kuonja, lakini moto hajui.

Kama uko na nafasi, nitakuwa nakuandikia miye pia. Mukate wangu wa sinia unapasuka upande mumoja tu, wa kushoto. Ni nini?

Mutoto wako,
Bibiane