Shemeji Anataka Mume Wangu Aagwe kwa Kiingereza

Mpendwa Shangazi Philomena, nakuandikia kutoka Mabamba, na nakuomba univumilie kwa sababu niliishia darasa la saba na kufupisha maneno sijui. Mume wangu, Nsengimana, alifariki kabla ya mavuno ya maharage, na sasa tunaandaa kuganduka, yaani siku ya kumaliza msiba kwa desturi ya ukoo wake uliotoka Burundi, ambapo mtu wa nyumbani husimama akamwelezea marehemu mbele ya watu. Binti yetu Asnath yuko mwaka wa mwisho chuo kikuu, anasoma fasihi ya Kiingereza, alikuwa kwenye mitihani baba yake alipofariki, akafika akakuta kaburi limeshafukiwa, hakulia, aliingia jikoni akaanza kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Sasa shemeji yangu Tharsisi, anayeuza maharage kwa mashirika ya kambi za wakimbizi, amealika wakubwa wa Kibondo na Kasulu, na ameamua Asnath amwelezee baba yake kwa Kiingereza, nilipomwambia kwamba sisi na majirani zetu tunaongea Kirundi akasema, "Shemeji, mtoto huyu amesomeshwa na ukoo mzima, watu waone tulikuwa tunasomesha nini. Au unataka waseme alikwenda kusomea ugali?" Watu wakacheka, na mimi nikacheka kidogo ili yaishe. Asnath naye alikubali, akatuma maneno kwenye simu, nikamwomba mwalimu Rashid, jirani yetu, anisomee kwa Kiswahili, akasoma kwamba baba alikuwa mto usiokauka na mwana wa milima, nikamwuliza, "Mwalimu, jina lake lipo?" akanijibu, "Lipo, mama, mwishoni." Nilimpigia Asnath, akasema, "Mama, ndivyo inavyoandikwa." Shangazi, mimi mume wangu namkumbuka kwa vitu vidogo, kwamba redio ikitangaza vifo alivua kofia hata kama marehemu hamjui, na kwamba Asnath akija likizo alimwomba amsomee vitabu vyake kwa sauti, Kiingereza hakukijua hata kidogo lakini alisema, "Rudia hapo, hapo pamenoga." Shemeji anasema hiyo ndiyo sababu, marehemu alikipenda Kiingereza. Sitaki kumwaibisha mwanangu wala kugombana na ukoo, lakini naogopa watu watakula wali waondoke, na mimi nitakuwa sijamsikia mume wangu. Nifanye nini?

Esteri, Mabamba

Mama Asnath, pole sana. Pole hiyo ni yako peke yako. Wengine waliomo kwenye barua hii sina pole ya kuwapa.

Tuanze na Tharsisi. Bwana huyu anataka kuuza maharage kwenye msiba wa ndugu yake. Hao wakubwa aliowaalika nawajua watu wa aina yao: mmoja katoka Tanga, mwingine Iringa, na wakiumwa tumbo wanalia kwa Kiswahili. Atawakalisha kwenye viti vya plastiki wasikilize Kiingereza, nao watatikisa vichwa kwa adabu huku wanachungulia masufuria. Halafu anathubutu kusema marehemu alikipenda Kiingereza. Mumeo alimpenda msomaji. Binti yake angemsomea maelekezo ya dawa ya mchwa, angesema pamenoga vilevile.

Kipande hiki msomee Asnath. Wewe binti, umefika mwaka wa mwisho wa fasihi, halafu baba yako mzazi umemfanya mto? Mito tunayo ya kutosha huku Kigoma. Baba yako alikuwa na kofia, na aliivua kwa ajili ya watu asiowajua. Kama umesoma vitabu vyote hivyo bila kuona kwamba mtu hupatikana kwenye mambo kama hayo, ulikuwa unafungua kurasa tu. Na kama umeona, basi unajificha. Hukulia, ulikwenda kuosha vyombo visafi, na maneno haya uliyotuma nayo ni vyombo visafi.

Nawe Esteri usidhani nimekusahau. Ulicheka ili yaishe. Hayakuisha. Upole wako Tharsisi ameufanya kiti, amekikalia, na hatanyanyuka mpaka umwondoe.

Fanya hivi. Mwite Asnath aje mapema, muende wawili tu kaburini mkapalilie, umsimulie mambo ya baba yake mpaka alie. Akichelewa kulia, endelea kupalilia. Kisha mwambie shemeji yako, mbele ya wazee wa ukoo na si jikoni, kwamba mjane ndiye atakayemwelezea mumewe. Shemeji haombwi, anaambiwa. Siku yenyewe simama wewe, sema kwa Kirundi, na Asnath asimame kando yako awatafsirie wageni kwa Kiswahili. Hiyo ni kazi ya msomi wa fasihi, tena ngumu kuliko kuandika juu ya mto. Kiingereza akirudishe chuoni, huko wapo watu wanaolipwa kukisikiliza.

Tharsisi akinuna, apakuliwe chakula chake mapema. Akija kukunong'oneza kwamba unachelewesha ratiba, usimjibu. Kipaza sauti usikiachie mpaka umemaliza.