Mwanangu ana nusu ya nywele na mtihani uko mlangoni

Mpendwa Bi Leokadia, naomba unisaidie upesi kabla nywele hazijaota. Mimi ni msusi hapa mjini Sanok, mume wangu Zenon alifariki vuli iliyopita, na nimebaki na mwanangu Tymon ambaye mwezi Mei anafanya mtihani wa kumaliza shule, na tangu utotoni husema atakwenda chuoni Poznań, upande wa pili wa nchi, kusomea misitu, hata baba yake alikuwa akimwita Bwana Misitu kila alipomwagilia maua ya dirishani. Basi Jumamosi mteja wa mwisho alipoondoka, Tymon akaketi kwenye kiti changu akasema, "Mama, nipunguze," na mimi mawazo yangu yalikuwa kwingine, kwa sababu kisogo chake ni cha Zenon kabisa, hata kile kishungi kinachokataa kulala, nikachukua mashine, na upande wote wa kushoto ulikuwa umeshaisha ndipo nikakumbuka kwamba dansi ya siku mia kabla ya mtihani imekwisha kupita, na kila mtu anajua ukishaicheza hunyoi mpaka umalize karatasi ya mwisho, usije ukanyoa na ulichosoma.

"Na mtihani je, mwanangu?"

"Endelea tu, mama. Sifanyi."

"Hufanyi nini?"

"Huo mtihani. Mjomba Gracjan ananipa kazi gereji. Poznań kwenyewe mvua tupu."

"Na hapa je, inanyesha sukari?"

Akacheka, lakini hakunitazama kwenye kioo, nami nikaweka mashine chini. Sasa anakwenda shule na kofia ya marehemu baba yake, ile niliyoiacha msumarini tangu mazishi bila kuruhusu mtu aiguse, na rafiki zake wanamwita Nusu Bei. Kila asubuhi ananiuliza, "Utanimalizia lini?" Nikimmalizia, nimekubali asifanye mtihani. Lakini gereji si aibu, na nikisema kweli, nyumba ingekuwa na mtu. Nimalize au niache?

Bogumiła

*

Dada Bogumiła, pole kwa msiba. Sasa funga mashine kabatini.

Kwanza nikugombeze kidogo. Msusi mzima unashika kichwa cha mtu na mawazo yako yako makaburini. Akili haikai kwenye nywele. Nimewaona wenye nywele za kufika mabegani wakianguka mtihani vizuri kabisa. Lakini mwanao anaijua mila, na hakuja kitini kwa bahati mbaya. Ulimi wake ulishindwa kukuambia haendi, akataka mkono wako useme kwa niaba yake.

Mvua ya Poznań haina kosa. Mtoto ana wasiwasi juu yako. Nakisia glasi ya chai ya Zenon bado unaiweka mezani. Usione haya, ya marehemu wangu niliiweka mpaka ikavunjika yenyewe. Ila mtoto anayeketi mbele ya glasi ile kila asubuhi, atakuachaje?

Kwa hiyo fanya hivi. Nenda shuleni mkaonane, wewe na Tymon, na mwalimu anayewashauri wanafunzi kuhusu kazi na vyuo. Mchukue na kaka yako Gracjan, aseme mbele ya wote kwamba kazi itamngoja, spana haziozi. Akishapata cheti ataweza kwenda msituni, au gerejini, au gerejini kwanza na msituni baadaye. Bila cheti ana mlango mmoja, tena ameuchagua kwa huruma.

Kisha Jumapili, mkiwa mnakunywa supu, zungumza naye. Usimwambie, "Usiwe na wasiwasi nami." Hakuna mtoto aliyewahi kuliamini neno hilo. Mwambie nani atakubebea kuni, na Jumapili utakula kwa nani. Kama huna jibu, litafute kabla supu haijapoa. Baada ya hapo, akisema bado anapenda grisi, mpe baraka na sabuni.

Ile nusu iliyobaki usiiguse. Siku ya karatasi ya mwisho, mkalishe kwenye kiti kile umalizie, na safari hii tazama unachokata. Kofia nayo isirudi msumarini. Aendako kote, kichwa kilichotoka kunyolewa husikia baridi.

Leokadia