Bodi ya Adventina Inapanda Alhamisi

Jumapili, 20 Julai 2025

Adventina kapiga simu baada ya misa. Bodi yake, kile kibao cha umeme, inawekwa kwenye darubini kubwa Alhamisi! Ile aliyoichomelea nyaya kwa risasi ya kuyeyusha, kwa mikono yake huko Namibia. Mwanangu mimi, wa Nyantakara hapa! Nikamuuliza kama kavaa sweta. Kacheka. Kavaa mawili.

Nikamwambia anieleze tena taratibu. Ni hivi: miale ya gama inatoka mbali huko juu, ikigonga hewa yetu unatokea mwanga wa buluu, umepita kabla hujapepesa jicho. Kamera haiwezi kupiga picha muda wote, itajaa takataka. Bodi ndiyo inaiambia: sasa, piga! Nikasema, je, ikidanganywa na nyota? Akasema mama, si kama tulivyokuwa tunalinda mahindi? Kweli! Mtu mmoja akipiga yowe hatutoki, labda kaona kivuli. Yowe likipigwa na shamba la pili, hapo wote na mapanga, nguruwe wamekuja. Na darubini hivyo hivyo. Mbili zikiona pamoja, ndipo picha.

Bodi ikishindwa inarudishwa ya zamani, na yeye kazi imekwisha. Hilo kalisema upesi upesi.

Jumanne, 22 Julai

Ndizi zimeiva shimoni, vijana wamezikanyaga, mtama nimetia. Rubisi ya kumpongeza. Mume wangu kaja kusimama: Mama Adventina, pombe ya sherehe kabla ya sherehe? Nikamwambia rubisi ina siku zake, Mzee Rwekaza, haingoji simu.

Jirani Bernadetha kasema mwanangu anakamata mwanga wa mbinguni, wa kwake hata kuku hamkamati! Tumecheka mpaka machozi. Halafu kauliza: na isipofanya kazi, dada? Nikajibu kwa ukali.

Alhamisi, 24 Julai

Upepo na vumbi huko. Darubini zimefungwa. Mpaka kesho.

Rubisi imeiva. Yewe, jamani!

Ijumaa, 25 Julai

Jumuiya nzima imekuja, nimewaalika mwenyewe. Nikasimama. Nikasema ukweli: bodi haijajaribiwa, huenda ikakataa. Nikasema tena, mtoto huyu alisoma na kibatari, leo kitu chake kiko juu mlimani kinatazama mbingu. Mimi nampongeza leo. Kama ni mapema, basi ni mapema!

Bernadetha kapiga vigelegele vya kwanza.

Tumekunywa mpaka jua limezama. Simu imeita sasa hivi. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Vumbi limetulia, wanawasha. Sauti yake nyembamba. Nikamwambia hapa watu wanakunywa rubisi yako. Kashtuka: mama! Kabla? Nikasema ndiyo, kabla.

Halafu nikamsikia anavuta makamasi. Kasema subiri, mama, usikate.

Sikati. Simu nimeiweka mezani imefunguliwa sauti, naandika mikono ipate kazi. Watu nyuma yake wanasema Kizungu, haraka haraka. Uani wote wameshika vikombe, hakuna anayekunywa. Mzee Rwekaza kavua kofia. Kuna mtu huko anahesabu —