Hakuna Sultani Katika Mchezo Wangu

Michenzani, Unguja

Kaka Hamad,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila goti la Mama bado linamsumbua.

Nna jambo la kujisifia. Nimetunga mchezo wa kuigiza, tunaucheza mezani kwa dadu kila Ijumaa baada ya sala. Kisa chake ni cha wakulima wa mwani wa kwetu Makunduchi. Kila mchezaji huchagua mtu wa kuwa, kwa sharti moja: awe mtu wa kijiji.

Jirani yetu Talib alitaka kuwa sultani mwenye majini. Nikakataa.

"Basi sichezi!" akasema, akasimama.

Wenzake walidhani ntalegea, kama kawaida yangu. Sikulegea. Akakaa, akachagua kuwa ajuza mbishi. Dhoruba ilipong'oa mwani wote, ajuza huyo ndiye aliyewakusanya majirani wakapanda upya. Tulipiga makofi, na mie nikajiona nimeweza.

Mama alikuwa akisikiliza. Akasema, "Na mie nipe mtu wangu. Nataka kuwa kijana aliyekwenda Maskati akarudi kwa mama yake."

Hakuna aliyeuliza ni nani, Kaka. Talib aliuliza tu kama sharti langu linaruhusu.

"Aliyerudi ni mtu wa kijiji," nikamjibu.

Mdogo wako,
Salhiya