Niliyoyaona Nikimwosha Mbuke

Ijumaa, 9 Mei 2025

Leo tumemwosha Mbuke, mke wa Makongoro. Nyumbani kwao, Makoko. Saa sita mchana na chumba kiza — wadudu wa ziwani wameinuka tangu asubuhi, wamejazana kwenye wavu wa dirisha mpaka tukawasha taa.

Mumewe anasema aliteleza kwenye mawe akifua, akaangukia maji. Watu wote wamepokea hivyo.

Tulikuwa wawili tu. Bi Sikudhani ameosha maiti miaka thelathini. Mimi minne, na kazi yangu ni kumimina maji. Tulipofika shingoni nikaona. Alama nne upande huu, moja upande ule. Nikatandaza vidole vyangu juu yake, bila kugusa. Zililingana na mkono wa mtu, ila vidole vyangu vilikuwa vifupi kuliko hizo.

Bi Sikudhani akanipiga kiganja. Akaninong'oneza kwamba mwoshaji akisema alichokiona amemvua marehemu nguo mbele za watu. Akaifunika shingo kwa pamba kabla zamu yake haijafika.

Macho nayo yalikataa kufungwa. Mara tatu tuliyafunga.

Na chini ya pazia — miguu. Makongoro alisimama pale kuanzia bismillahi hadi mwisho. Hakulia, hakukohoa. Vidole vya miguu vimeelekea kwetu.

Jumamosi, 10 Mei

Sokoni Kitaji. Nachagua furu, mama muuzaji akaniuliza dada niliyekuja naye yeye hachukui?

Nilikuja peke yangu. Nikamwambia.

Akasema, "Si huyo alikuwaga hapo nyuma yako, kajifunga mtandio shingoni na joto lote hili?"

Samaki nikawaacha.

Jumatatu, 12 Mei

Niandike ukweli, humu hasomi mtu. Nyumba ninayopanga ni ya Makongoro. Yeye ndiye katibu wa msikiti. Nilipoacha Ukatoliki wa kwetu Butiama na kuitwa Hana badala ya Ghati, kalamu iliyoandika jina langu kwenye daftari la msikiti ilikuwa yake. Nikimsema, nani atanisikiliza? Mjane, tena Mwislamu wa juzi.

Kwa hiyo najiambia ni dini. Msitiri mwenzako, nawe utasitiriwa. Naona raha kujiambia hivyo.

Leo kwenye hitima wanawake wamesema jambo jipya. Brenda, mdogo wake Mbuke, ataletwa kutoka Bunda alee watoto wa dada yake. Baadaye Makongoro amwoe, watoto wasipate mama wa kambo mgeni. Ana miaka kumi na tisa. Wote wakaitikia amina.

Nami niliitikia. Kwa sauti kabisa!

Jumatano, 14 Mei

Bunda. Nimekwenda kumwambia mama yake Mbuke. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Mama wa watu akanipokea vizuri. Akaweka kigoda, akaweka cha pili. Akamimina chai, vikombe viwili, na yeye mwenyewe amefunga. Nikamuuliza mgeni mwingine ni nani.

"Si mwenzako huyo? Mwambie aingie, mama, mbona anabaki juani na mtandio umemfunika uso?"

Nikageuka. Uani hapakuwa na mtu. Nguo kwenye kamba hazitikisiki, kuku wote wamejibana upande mmoja wa ukuta.

Brenda akapita na begi lake, anapanga nguo, anaimba. Ana kucha mpya, nyekundu. Alinionesha. Anasema shemeji amemwahidi kumpeleka chuo cha ushonaji.

Nikasema pole na msiba. Nikanywa chai yangu. Kikombe cha pili sikuthubutu kukitazama kama kimepungua.

Mimi ni mwoga. Tayari, nimeliandika.

Alhamisi, 15 Mei

Nimelala Butiama kwa dada yangu Jeska. Asubuhi, akikama ng'ombe, nimemweleza yote. Aliendelea kukama. Nilipomaliza akaniuliza kama ni dini inayonikataza kusema au najikataza mwenyewe.

Nikasema ni dini.

"Basi kamuulize mwalimu wako. Mimi Mkatoliki utaniulizaje ya kwenu? Ila uso huo naujua, Ghati. Ulikuwaga nao tangu mtoto, ukivunja chungu."

Nilimchukia kidogo. Kisha nikamsaidia kubeba maziwa.

Jumamosi, 17 Mei

Nimemfuata Ustadh Mniko madrasa, watoto walipotoka. Nikauliza kwa mafumbo: mwoshaji fulani, mji fulani. Si mjinga. Aliinuka akafunga mlango, nikasikia mende wakitembea kwenye makaratasi.

Akasema linalositiriwa ni aibu ya maiti — kidonda, harufu, sura iliyobadilika. Dhuluma aliyotendewa si aibu yake. Ni haki yake, na mwenye kuishuhudia amebeba amana. Ukiificha hujamsitiri yeye, umemsitiri aliyemuua.

Nikamwambia huyo mwoshaji anaogopa.

Akaniuliza kama naijua dua ya asubuhi ya kujikinga. Naijua! Nimeisoma miaka kumi na mmoja. Nikamsomea. Akanisimamisha katikati na kuniuliza nimeomba nini hapo. Sikujua. Akasema hapo naomba Mwenyezi Mungu anikinge na woga. Umewekwa humo pamoja na uvivu na ubahili, maradhi ya moyo yanayotibika. Shujaa naye huogopa, alisema, ila anajua yupi wa kuogopwa zaidi.

Kila asubuhi, miaka kumi na mmoja, naomba dawa ya ugonjwa ambao sikujua ninao. Nimecheka njia nzima. Kisha nikalia.

Jumapili, 18 Mei

Sijaenda polisi. Nilisema nitaenda. Nimefua mapazia.

Brenda amefika Makoko. Nimemwona akianika magodoro.

Jumatatu, 19 Mei

Makongoro amekuja. Saa nne asubuhi, jua kali, mlango wazi. Kanzu safi. Ametoa salamu vizuri, nami nikaitikia vizuri. Akaweka mfuko juu ya meza.

Ndani — sanda. Mpya, imekunjwa. Pamba. Kafuri. Kitana.

Akasema ni sadaka kwa ajili ya marehemu, kunishukuru. Akasema amesikia nasafirisafiri siku hizi, Bunda, Butiama, na barabara zina ajali. Akaniangalia kichwani mpaka miguuni, taratibu, kama fundi anayepima bila futi.

"Mwosha huoshwa, Mama Hana."

Akaaga. Kiatu chake hakikutoa mlio hata mmoja kwenye changarawe.

Niliifungua ile sanda. Nikajipima. Inanitosha barabara, haizidi wala haipungui. Nikakaa nayo mapajani hadi adhuhuri. Huyu mtu anadhani kaniletea kifo, na kifo nakiosha kila mwezi kwa mikono hii. Nilichokuwa nakiogopa ni kufukuzwa nyumba. Ni wanawake kuninunia. Aibu iliyoje!

Nimeikunja upya, nikairudisha mfukoni.

Jumanne, 20 Mei

Nimeandikisha maelezo. Saa tatu nzima. Askari mwanamke, mpole, aliniuliza mbona siku kumi na moja. Nikasema niliogopa. Akaandika hivyohivyo.

Nilimtaja na Bi Sikudhani. Jioni wamemhoji. Amesema hakuona kitu, macho yake mabovu.

Jumamosi, 24 Mei

Notisi ya kuhama. Siku saba. Hapa mtaani hakuna anayeitikia salamu yangu.

Polisi wameomba amri ya kufukua kaburi. Ustadh Mniko alisema msikitini, mbele ya watu, kufukua kaburi kwa ajili ya haki kunaruhusiwa. Nusu ya safu wakaondoka.

Jumatano, 28 Mei

Makaburini. Naandika ndani ya gari la polisi, mlango wazi, goti ndiyo meza.

Amri ya mahakama imesomwa. Wanachimba. Wadudu wa ziwani wameinuka tena, wametanda juu ya watu, hatuoni hata maji. Hakuna anayewafukuza usoni. Makongoro amesimama ng'ambo ya kaburi na kanzu ileile. Brenda yuko kando yake, amemshikia mwavuli. Jua linampiga yeye, kivuli chote amempa shemeji. Ananitazama kwa chuki. Anadhani nimekuja kumdhalilisha dada yake.

Itakuwaje kama udongo umeshakula zile alama? Siku kumi na tisa. Daktari amesema huenda. Hapo nitakuwa mwongo mji mzima, na Brenda atarudi nyumba ileile, jioni hii, na mwavuli wake.

Wamefikia mbao. Harufu imekuja. Mtu anasoma Yasini, sauti inakatika.

Daktari anauliza nani alimwosha, ashuke aoneshe pa kuanzia. Bi Sikudhani anachezea ushungi wake.

Ameuliza mara ya pili. Nimenyoosha mkono, ule usio na kalamu.