Baba Anataka Kuacha Zege Akasomee Biashara

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na unisamehe kama nitaandika ovyo, kwa sababu mimi si mwepesi wa kuongea na hata barua hii nimeianza na kuiacha mara nyingi. Nimemaliza shule mwaka huu, nipo nyumbani nasubiri matokeo, na kwetu wananiita Kimya. Jina hilo ndilo lililoniletea mzigo nilio nao, maana baba yangu ana siri na ameamua kunipa mimi, akisema mimi ndiye mtu pekee nyumbani ambaye neno likimwingia halitoki.

Baba ni mhandisi wa majengo. Kazi yake hasa ni zege, kuhakikisha kwamba nguzo na sakafu zitabeba kile kinachotakiwa kubebwa. Tangu nikiwa mdogo viatu vyake vya kazi hukaa mlangoni vina ukoko wa saruji, na mama, ambaye anauza katika duka la dawa, humwambia kila jioni asituingizie jengo ndani. Sasa baba anataka kuacha kazi mwisho wa mwezi huu akasome shahada ya biashara katika chuo kimoja cha binafsi, masomo ya mchana kutwa, halafu atoke huko akiwa meneja. Mama hajui lolote. Nyumba tunayoishi ni ya kampuni, kwa hiyo siku baba akiaga kazi na sisi tunaanza kufunga vyombo, na mama juzi tu amenunua pazia jipya la sebuleni, mimi ndiye niliyemshikia stuli akilitundika huku najua, nikashindwa kumtazama usoni.

Sitaki umfikirie vibaya. Mwaka jana kampuni ilileta meneja wa mradi, kijana mwenye shahada ya biashara, mdogo kwa baba kwa umri na kwa uzoefu wa kazi, na baba ndiye aliyemwonyesha kila kitu. Siku moja kwenye kikao baba akaanza kueleza kwa nini mradi unachelewa, kijana akamkatiza mbele ya watu akamwambia, "Mzee, wewe tusaidie kwenye zege, haya mengine tuachie sisi." Watu wakacheka. Baba alinisimulia hayo akiwa anafunga kamba za viatu, hakuinua uso, akasema, "Nimechoka kuulizwa zege tu, mwanangu. Na mimi nina kichwa kizima."

Jumamosi iliyopita alinichukua twende chuoni, ilikuwa siku ya kupokea wageni, mama akaambiwa tunakwenda kuulizia masomo yangu mimi. Ukumbi ulikuwa na viti vya kitambaa na kila mtu alipewa kalamu yenye jina la chuo. Wakaletwa mbele wahandisi watatu waliosoma pale wakabadilisha kazi. Wa kwanza, mama mmoja mwenye sauti nzuri, alisema alipohitimu tu akawa mkurugenzi, akapigiwa makofi, ila mwishoni akamshukuru mwenye kampuni, ambaye ni baba yake mzazi. Wa pili alichekesha sana ukumbi, akasema ameachana na nyaya za umeme na sasa anavaa suti, lakini nilipotoka kutafuta choo nikamkuta kwenye korido ana kitambulisho cha chuo shingoni, amebeba maboksi ya vipeperushi, na dada wa mapokezi anamwambia kesho awahi, kuna wageni wengine. Wa tatu sikumwelewa vizuri, aliongea taratibu, akasema kabla ya kusoma alikuwa ameshakaa muda mrefu akisaidia kupanga bei za zabuni hukohuko kazini kwake, na alisoma jioni bila kuacha kazi, watu wakaanza kuangalia simu.

Baba alitoka pale kama mtu aliyepona homa. Njiani aliongea mpaka tukaipita kona ya nyumbani bila kujua. Jioni, mama akiwa bado dukani, alisimama sebuleni akashika rimoti kama kipaza sauti, akaniambia mimi ni bodi ya wakurugenzi nimuulize maswali, nami nikacheka kwelikweli kwa sababu sikuwa nimemwona hivyo siku nyingi. Halafu akakaa, akaniuliza, "Wewe unaonaje?" Nikamjibu, ni sawa baba. Yule mtu wa maboksi nilikuwa naye mdomoni, nikammeza.

Kinachonichanganya ni kwamba baba si mtu wa kudanganywa. Nikiwa bado shule ya msingi aliwahi kunipeleka kazini kwake. Kabla jengo halijaendelea wanachota zege bichi wanajaza kwenye viboksi vya chuma, likishika wanalitoa na kulilaza kwenye maji, kisha baadaye wanaliminya kwenye mashine mpaka livunjike, ndipo wanajua kama nguzo zitabeba. Siku hiyo mkandarasi alikuja na vipande vyake vya zege tayari kwenye buti la gari, vizuri, laini, akasema mzee usihangaike, nimekurahisishia. Baba alivitazama, akacheka, akamwambia, "Hivi umeviandaa kwa ajili yangu. Mimi nitachota mwenyewe, na nitachota pale nitakapotaka." Mtu wa namna hiyo akisema chuo ni kizuri, mimi ni nani nipinge? Labda ni woga wangu tu wa kuhama.

Naomba uniambie, shahada ya biashara ya chuo cha binafsi inamsaidia kweli mhandisi kubadili kazi? Na kama haimsaidii, nitamwambiaje baba bila kumrudisha kwenye kile kikao? Usidhani naandika kwa sababu naogopa ada yangu ya chuo. Namtaka yule baba wa rimoti abaki.

Ni mimi,
Kimya

JIBU

Kimya mwanangu,

Marahaba. Swali lako la kwanza nalijibu moja kwa moja. Inasaidia, ila si kila mtu, na si peke yake. Mhandisi ambaye tayari ameanza kugusa kazi anayoitaka, yaani bei, wateja, mikataba, akisoma biashara anapata lugha ya kujieleza mezani na anapata watu wa kumshika mkono. Mhandisi anayekimbilia chuoni kwa sababu alichekwa kwenye kikao atarudi na cheti, na kicheko atakikuta palepale alipokiacha. Chuo kuwa cha binafsi si kosa. Vipo vya binafsi vinavyofundisha vizuri, na vipo vya serikali vinavyosinzia. Ulizeni kama shahada yake inatambuliwa, nani anafundisha, na waliohitimu wako wapi. Waliohitimu wote, si wale watatu.

Na hao watatu umenieleza vizuri kuliko unavyodhani. Yule mama alikuwa na kiti chake kabla ya shahada. Mcheshi wenu amebadilisha kazi kweli, na kazi yake mpya ni kumvuta baba yako aje ukumbini. Huyo wa tatu, ambaye watu walimwacha wakashika simu, ndiye pekee aliyewaambia jinsi jambo hili linavyofanyika. Alianza hukohuko kazini, akasoma jioni, mshahara ukiendelea kuingia. Mtafuteni huyo. Baba yako akae naye wanywe chai, dada wa mapokezi asiwepo.

Sasa nikugombeze. Uliona kitambulisho ambacho ukumbi mzima haukukiona, ukaulizwa waziwazi unaonaje, ukajibu ni sawa baba. Hiyo si heshima, mwanangu, ni woga uliovaa nguo za heshima. Baba yako hakukuuliza kwa mapambo. Mtu mwenye uhakika haombi maoni ya bodi ya mtu mmoja aliyekaa kwenye kochi. Ana wasiwasi, na alitaka mtu amsaidie kuusema.

Lakini usije ukamwambia abaki kwenye zege. Hilo ni neno la yule kijana wa kikaoni, na likitoka kinywani mwako litauma zaidi. Ana haki ya kutaka kingine, na kichwa anacho, amesema mwenyewe. Akaombe kazini apewe sehemu ya kupanga bei au kukaa na wateja. Wakimkatalia, aulize kampuni nyingine akiwa bado ana kazi yake. Kama moyo bado unataka darasa, aingie la jioni. Kuaga kazi kusubiri mpaka ajue anakwenda wapi, maana pazia la mama yako halikutundikwa ili lishushwe kwa kubahatisha.

Kuhusu mama, hapo baba yako amekosea, na nakuonea huruma. Siri ya kuhama nyumba hapewi mtoto aitunze huku anamshikia mama yake stuli. Mwambie hivi, "Baba, hili la mama limenishinda kulibeba, mwambie wewe." Mwezi usiishe kabla hajamwambia. Mama akinuna au akilia, hayo ni ya kwake na mumewe, wewe nenda kaoshe vyombo.

Wala usiogope. Hutoi hotuba. Kesho asubuhi baba akikaa kufunga kamba za viatu, kaa naye pale mlangoni. Msimulie habari ya yule mtu na maboksi yake, bila kuongeza chumvi. Kisha muulize swali moja, "Baba, wale watatu, nani aliwachota?"

Halafu nyamaza, kama unavyojua kunyamaza. Yeye mwenyewe atamalizia.